Ndege Gani Hii? Jibu kuhusu Picha Tatu za Kisumu Zinazoonyesha Kivuli Tu

Ndugu msomaji wa Kisumu,

Nimezipokea nakala za picha tatu alizoziacha marehemu babu yako, aliyefanya kazi bandarini hapo Kisumu tangu miaka ya 1930 hadi alipostaafu mwaka 1946, na nimelisoma swali lako kwa makini. Unaeleza kwamba katika picha zote tatu jua liko nyuma ya ndege, hivyo hazionekani rangi, herufi wala madirisha, bali umbo jeusi tupu. Kaka yako anashikilia kwamba ile ndege ya maji ni Sunderland ya jeshi la Uingereza; ile yenye mabawa ya tabaka mbili mmeambiwa kuwa ni Dragon; na ile ya tatu, iliyosimama uwanjani, hakuna mtu aliyeweza kuitaja. Unauliza kama kweli ndege inaweza kujulikana kwa kivuli chake pekee, na kama inaweza, ni kwa njia gani.

Inaweza, na ni haki yako kupata majibu kabla ya maelezo. Ndege ya maji ni Short ya aina ya Empire, wala si Sunderland. Ndege ya tabaka mbili ni de Havilland Dragon Rapide, si Dragon. Ile ya tatu, ambayo unasema ulikaribia kuiacha bila kuituma, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote: ni Armstrong Whitworth Atalanta, aina ambayo zilitengenezwa ndege nane tu duniani. Kwa picha ya pili na ya tatu sina shaka. Kwa ile ya kwanza nina hakika kubwa, lakini nitakuonyesha mahali ambapo shaka ingeweza kuingia, ili wewe na kaka yako mpime wenyewe.

Kivuli hakipotezi habari zote za ndege. Kinafuta rangi, alama na kila kilicho juu ya uso wake, lakini kinabakiza uwiano wa viungo: urefu wa mabawa ukilinganishwa na urefu wa kiwiliwili, mahali bawa lilipoungwa, idadi ya injini na nafasi kati yake, umbo la pua, na umbo la mkia. Hayo ni mambo ambayo mhandisi hawezi kuyabadilisha bila kuibadilisha ndege yenyewe. Kwa hiyo mimi huyahesabu kuwa ushahidi mzito kuliko rangi, ambayo hupakwa upya kila shirika moja linaponunua ndege ya jingine.

Elimu hii ilikuzwa na vita, na sababu yake inasikitisha. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, marubani wa ndege za Spitfire waliwashambulia wenzao waliokuwa katika ndege za Hurricane juu ya eneo la mashariki la nchi yao wenyewe, wakidhani kwamba ni Wajerumani. Hurricane mbili ziliangushwa, na rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akauawa. Hurricane na Messerschmitt 109 zote ni ndege za injini moja na bawa moja lililoungwa chini ya kiwiliwili, na kwa mtu mwenye haraka na hofu, tofauti zilizobaki hazikutosha kumzuia kidole. Katika miaka iliyofuata, michoro ya vivuli vya ndege ilisambazwa kwa askari, mabaharia na raia waliojitolea kulinda anga, nao wakafundishwa kutazama kwa utaratibu: kwanza mabawa, kisha injini, kisha kiwiliwili, mwisho mkia. Baadaye walimu waliona kwamba kukagua kiungo kimoja kimoja kunachukua muda mrefu mno wakati ndege inapita angani. Huko Marekani mwanasaikolojia Samuel Renshaw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio aliwazoeza wanafunzi wake kwa picha zilizomulikwa ukutani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ili umbo zima liingie akilini kwa pamoja, kama vile mtu anavyomtambua jirani yake kwa mwendo kabla hajauona uso.

Wewe unayo picha isiyosogea, kwa hiyo tumia njia zote mbili. Itazame kwanza kwa ujumla na uandike jina linalokujia. Halafu liweke jina hilo pembeni na uanze kukagua viungo kana kwamba hukuwahi kulifikiri. Makosa mengi niliyoyaona katika utambuzi wa ndege yanatokana na mtu kushika jina mapema, kisha kutafuta katika kivuli vile vitu tu vinavyolithibitisha. Kaka yako ameiona ndege kubwa ya maji yenye injini nne, akakumbuka Sunderland, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, na tangu hapo hakuuliza tena kama pua na mkia vinakubaliana na jina hilo.

Kabla hatujaingia katika picha zenyewe, fahamu namna mwanga unavyodanganya. Mwanga mkali unaotoka nyuma ya kitu hula kingo zake katika filamu, na vitu vyembamba hutoweka kabisa: nyaya kati ya mabawa, nguzo nyembamba, rafadha zinazozunguka, hata boya dogo lililoning'inia chini ya bawa. Basi kutokuonekana kwa nguzo hakuthibitishi kwamba nguzo hazikuwapo. Aidha, ndege ya tabaka mbili ikipigwa picha ikiwa juu kabisa ya mpiga picha, bawa la juu hujificha nyuma ya lile la chini, na mtazamaji huapa kwamba ameona bawa moja. Tena kivuli tupu hakisemi kama ndege inakuja au inaondoka, maana umbo lake kutoka mbele na kutoka nyuma karibu ni lile lile. Hata kulia na kushoto kunaweza kuwa kumegeuzwa na fundi aliyeisafisha picha akiwa ameuweka upande usio wake ule ukanda wa filamu. Kwa hiyo unapoandika ulichokiona, tenganisha kwa uangalifu kitu ambacho hakipo na kitu ambacho hakionekani.

Picha ya pili itatuchukua muda mfupi. Inaonyesha ndege ndogo ya abiria yenye mabawa ya tabaka mbili na injini mbili, ikiinuka, nasi tunaitazama kutoka chini kidogo na upande. Kampuni ya de Havilland ilitengeneza ndege tatu za ukoo huo zilizofuatana kwa karibu: Dragon, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1932, ile kubwa ya injini nne iitwayo DH.86, iliyoruka Januari 1934, na Dragon Rapide, iliyoruka Aprili 1934. Ya injini nne inajiondoa yenyewe. Zilizobaki karibu zinalingana kwa ukubwa: Dragon ina upana wa mita 14.4 kutoka ncha hadi ncha ya mabawa, Rapide mita 14.6, na urefu wa kiwiliwili kwa zote mbili ni kama mita 10.5, kwa hiyo kupima uwiano hakutusaidii hapa. Kinachotusaidia ni umbo la bawa. Bawa la Dragon ni pana, kingo zake mbili zinakwenda karibu sambamba hadi mwisho, na ncha yake imeviringwa. Bawa la Rapide linapungua upana kuanzia kwenye kiwiliwili, na kuishia katika ncha nyembamba. Ukiitazama tena picha yako utaona mabawa yote mawili yakichongoka kwa namna hiyo. Chini ya kila injini utaona pia kifuniko kirefu kilicholiziba gurudumu na kuungana na injini yenyewe, ambacho ni alama nyingine ya Rapide.

Zaidi ya Rapide 700 zilitengenezwa, nazo zilifanya kazi Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Zilikuwa miongoni mwa ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake ndilo linaloitwa uwanja wa Wilson hadi leo. Shirika la East African Airways nalo lilipoanza safari zake mwaka 1946 lilianza na ndege sita za aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kulijua jina la ndege hii hakukupi mwaka wa picha. Kunakuambia tu kwamba haikupigwa kabla ya mwaka 1934.

Sasa tuje kwenye picha ya kwanza, iliyoleta ubishi nyumbani kwenu. Ndege imeinamia upande mmoja juu ya ziwa, nasi tunaliona tumbo lake, mabawa yote mawili na mkia. Bawa limeungwa juu ya kiwiliwili, injini ni nne, tumbo ni la mashua, na pezi la mkia ni moja. Orodha ya ndege zenye sifa hizo ambazo zingeweza kuonekana Ziwa Victoria katika miaka ya babu yako ni fupi mno, na hapo ndipo historia ya mahali inapoingia kumsaidia mwenye kutazama.

Safari za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kutoka London zilifika ziwani mwaka 1931, na sehemu ya Khartoum hadi Mwanza, kupitia Port Bell na Kisumu, ilisafiriwa kwa ndege ya maji iitwayo Short Calcutta. Hiyo ilikuwa na mabawa ya tabaka mbili na injini tatu zilizotundikwa kati ya mabawa, kwa hiyo haifanani hata kidogo na kivuli chako. Aina ya Empire iliruka kwa mara ya kwanza Julai 1936, na kufikia katikati ya mwaka 1937 ilikuwa ikisafiri kutoka Southampton hadi Durban, ikitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Vita ilipoifunga njia ya Mediterania mwaka 1940, ndege hizo hizo zilipangiwa njia mpya kutoka Durban hadi Sydney, na Kisumu ikabaki kituo chake. Kwa miaka yote hiyo, basi, ndege ya maji ya injini nne iliyozoeleka Kisumu ilikuwa Empire. Sunderland ilikuwa ndege ya doria ya baharini, na kazi yake ilikuwa kuwinda nyambizi. Kutua kwake ziwani hakukuwa muhali, ila si kitu cha kukichukulia kuwa cha kawaida.

Ipo pia Catalina, ambayo baadhi ya watu wa pwani bado wanaikumbuka, kwa kuwa kikosi namba 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa nayo Kipevu, Mombasa, mwaka 1943, kisha kikahamia Dar es Salaam. Catalina ina injini mbili tu, lakini hata kama mwanga ungezificha injini zote, uwiano ungeifichua. Mabawa yake yana upana wa mita 31.7 na kiwiliwili kina urefu wa mita 19.5, maana yake ni kwamba upana ni zaidi ya mara moja na nusu ya urefu. Empire ina upana wa mita 34.7 na urefu wa mita 26.8, yaani kama mara moja na theluthi pungufu kidogo. Zaidi ya hayo, bawa la Catalina limesimamishwa juu ya nguzo nene iliyo katikati ya mgongo, na maboya yake hukunjwa hadi yakawa ncha za mabawa, ilhali Empire na Sunderland maboya yao hayakunjwi.

Kati ya Empire na Sunderland vipimo havisaidii. Sunderland, iliyoruka Oktoba 1937, ilitoka katika kiwanda kile kile cha Short, kwa mawazo ya wahandisi wale wale, na ina upana wa mita 34.4 na urefu wa mita 26. Tofauti ni za kijeshi. Sunderland ilikuwa na kibanda cha bunduki puani na kingine mkiani, hivyo kivuli chake huanza kwa pua butu na kuishia kwa uvimbe ulio nyuma ya pezi la mkia. Empire ilibeba abiria na barua. Pua yake inateremka kwa mkunjo mmoja laini, na mwisho wake huchongoka chini ya pezi. Katika picha ya babu yako mkia umechongoka, wala hakuna uvimbe, na pua haina kidato. Hilo lingetosha, kama isingekuwa kwamba kuanzia mwaka 1943 baadhi ya Sunderland zilitolewa silaha, vibanda vyao vikazibwa kwa mabati yaliyolainishwa, na zikapewa BOAC, shirika la ndege la Uingereza, zibebe abiria. Hapa ndipo shaka niliyoitaja inapoweza kuingia.

Kuiondoa, tunatazama mabawa. Wakati Sunderland inatengenezwa, mabadiliko ya silaha yaliusogeza uzito wa ndege nyuma, na wahandisi wakalazimika kuyalaza mabawa kuelekea mkiani kwa nyuzi 4 na robo. Empire haikulazwa hivyo. Tatizo ni kwamba ndege yako imeinama, na ndege iliyoinama ikipigwa picha kwa mshazari, bawa lililonyooka linaweza kuonekana limelala, na lililolala likaonekana limenyooka. Usipime pembe kwa macho. Chukua rula na penseli, uweke karatasi nyembamba juu ya nakala ya picha, kisha weka alama katikati ya upana wa bawa kwenye ncha ya kulia, ufanye vivyo hivyo kwenye ncha ya kushoto, na uunganishe alama hizo mbili kwa mstari. Picha iliyopigwa kutoka mbali hupindisha pembe, lakini haiivunji safu ya vitu vilivyo katika mstari mmoja, wala haihamishi nusu ya mstari kutoka mahali pake. Bawa likiwa halikulazwa, mstari wako utapita karibu na katikati ya bawa pale linapoungana na kiwiliwili, hata ndege iwe imeinama namna gani. Likiwa limelazwa, mstari utapita nyuma ya hapo. Kwa Sunderland tofauti hiyo ni zaidi ya mita moja katika ndege yenye urefu wa mita 26, nayo si ndogo kiasi cha kukosekana katika picha iliyo wazi kama yako.

Nimeuchora mstari huo katika nakala yako, na umepita mahali pa Empire. Nakuomba mrudie nyinyi wenyewe kwenye picha halisi, kwa sababu nakala iliyopigwa kwa simu hupinda kidogo pembezoni, na moja ya mabawa ya ndege yenu liko karibu na ukingo wa picha. Jambo moja la kuangalia ni kwamba mabawa ya ndege hizi yameinuka kidogo kuelekea nchani, na ndege ikionekana kutoka ubavuni kabisa, mwinuko huo huuhamisha mstari. Bahati yenu ni kwamba mpiga picha aliliona tumbo la ndege karibu lote, kwa hiyo athari ya mwinuko ni ndogo.

Kuna ndege moja zaidi ambayo mtu mwenye ujuzi angeitaja kwa haki: Short Solent, iliyosafiri kutoka Southampton hadi Vaaldam karibu na Johannesburg, ikapita Port Bell na kwa muda fulani Ziwa Naivasha, hadi BOAC ilipoacha kabisa ndege za maji Novemba 1950. Nayo haikuwa na vibanda vya bunduki. Lakini Solent ya kwanza iliruka mwishoni mwa mwaka 1946, na kama babu yako aliacha kazi na kamera mwaka huo kama unavyosema, Solent inaondolewa na kalenda kabla ya kuondolewa na umbo. Ningependa wasomaji wote walizingatie hilo, maana mara nyingi tarehe na mahali hupunguza majina mengi kuliko jicho. Mtu mwenye picha ya ndege ya Rufiji au Mafia ya mwaka 1915, wakati Waingereza walipokuwa wakiitafuta meli ya Kijerumani Königsberg, ana majina machache tu ya kuchagua, kama Henri Farman na Caudron. Mwenye picha ya Ziwa Tanganyika ya mwaka 1916 ataanza na Short 827, ndege za maji ambazo Wabelgiji walizileta kutoka upande wa Kongo na kuishambulia Kigoma.

Sasa picha ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inastahili kutunzwa vizuri kuliko nyingine zote. Ndege imesimama kwenye uwanja wa nyasi, imelalia mkia, nasi tunaiona kutoka mbele kidogo na ubavuni. Bawa ni moja, limeungwa juu, nene, bila nguzo yoyote inayolishikilia kutoka chini. Injini ni nne, zote kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Kiwiliwili ni kirefu na chembamba, na kimekaa karibu sana na ardhi. Magurudumu yamebanana na kiwiliwili, na nusu yake imezama ndani ya ubavu. Umeandika kwamba huenda ni ndege ya kudondosha mabomu ya wakati wa vita, na naelewa kwa nini, maana injini nne na bawa la juu humfanya mtu afikirie vita.

Fikiria hata hivyo jinsi ndege zilivyosimama. Avro York, iliyoletwa Nairobi na mashirika ya abiria baada ya vita, nayo ina bawa la juu, injini nne na mkia unaogusa chini. Lakini ina mapezi matatu ya mkia, na magurudumu yake yamening'inia chini ya injini za ndani, mbali na kiwiliwili. Bristol Bombay ya jeshi ina bawa la juu na magurudumu yasiyokunjwa, ila injini zake ni mbili na mapezi mawili. Ndege za injini tatu zilizojulikana Afrika miaka ile, kama Fokker F.VII iliyotumiwa na Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, katika safari za Kongo, zina injini moja puani, nayo pua ya ndege yako haina kitu. Ninayoijua yenye bawa la juu lisilo na nguzo, injini nne kwenye ukingo wa bawa, pezi moja la mkia na magurudumu yaliyopachikwa ubavuni mwa kiwiliwili ni moja tu, Atalanta.

Umbo lake lina maana, na ukiielewa hutalisahau tena. Imperial Airways ilihitaji ndege ya kusafiri kati ya Kisumu na Cape Town, njia yenye viwanja vilivyo juu sana kutoka usawa wa bahari na vyenye joto kali. Hewa ya mahali pa juu na penye joto ni nyepesi; bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na injini hupungukiwa na hewa ya kuchoma mafuta. Ndege zilizokuwapo zilikuwa nzito kuruka, na ikitokea injini moja kuzimika juu ya nyanda za Tanganyika au Rhodesia, hakukuwa na uhakika wa kuendelea. Wahandisi wakachagua injini nne badala ya mbili au tatu, ili kuipoteza moja kusiwe msiba. Wakachagua bawa moja lenye upana wa mita 27.4, lisilo na nguzo wala nyaya za kuikokota hewa, wakati ambapo kampuni hiyo hiyo ilikuwa bado ikitumia ndege kubwa za tabaka mbili katika njia nyingine. Magurudumu wakayazamisha katika kiwiliwili kwa sababu ile ile ya kupunguza ukinzani wa hewa. Ndege ya kwanza iliruka Juni 1932, na kufikia mwaka 1933 zilikuwa zimeingia kazini huku Afrika. Chache kati ya zile nane zilipelekwa katika njia ya India, kwa hiyo idadi iliyowahi kusimama Kisumu ni ndogo zaidi hata ya hiyo nane. Ninapotazama kivuli hiki naiona Afrika ya nyanda za juu ikiwa imeandikwa katika chuma na mbao. Ni moja ya ndege chache za wakati ule zilizochorwa kwa ajili ya viwanja vyetu, badala ya kuchorwa kwa ajili ya Ulaya kisha zikaletwa.

Ndege moja kati ya hizo, Amalthea, iliishia hapo hapo kwenu. Ilianguka karibu na Kisumu muda mfupi baada ya kuruka tarehe 27 Julai 1938, na watu wanne waliokuwamo wakafa. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyo katika picha yenu. Nasema kwamba babu yako, akiwa mtu wa bandarini wakati huo, bila shaka alizisikia habari zake, na huenda wazee wa familia wanakumbuka aliyowahi kuyasimulia.

Kivuli kimetufikisha kwenye aina ya ndege, lakini hakiwezi peke yake kutuambia ni ipi kati ya zile nane. Kwa hilo zinahitajika herufi za usajili, na hapo kuna tumaini. Herufi zilizomezwa na giza katika picha iliyochapishwa mara nyingi zingali hai katika ukanda wa filamu, kwa sababu filamu huhifadhi tofauti ndogo za mwanga ambazo karatasi hushindwa kuzionyesha. Uliza kama ule ukanda upo bado kwenye sanduku la babu, na ukiupata usiusugue wala usiuoshe. Ushike kwa kingo, uufunge katika karatasi safi, umpelekee mtu mwenye mashine ya kutambaza filamu, na umwombe aongeze mwanga katika sehemu nyeusi tu. Kama ukanda haupo, itambaze picha yenyewe kwa kiwango cha juu kuliko ulichotumia, ukijitahidi zaidi kwenye ubavu wa kiwiliwili ulio nyuma ya bawa. Unatafuta herufi G, kisha kistari, kisha AB. Ndege saba kati ya nane zilisajiliwa kwa mfuatano kutoka G-ABTG, ambayo ni Amalthea, hadi G-ABTM, ambayo ni Aurora. Ya nane ni G-ABPI. Kwa hiyo hata herufi ya mwisho peke yake ikisomeka, inatosha kuipa ndege hiyo jina lake, isipokuwa ikiwa ni I, ambayo G-ABTI na G-ABPI zote zinayo; hapo utahitaji na herufi iliyo kabla yake. Nitumie sehemu hiyo ya picha mara utakapoipata.